Maharagwe ya Upande wa Ziwa

Sogeeni hapa, nyinyi watu wa uwanja. Wewe Njeri na tablet yako, wewe Simiyu mwenye funguo za stoo, na nyinyi wengine wenye mmekuja juu ya soda, nimewaona, kaeni tu. Mimi wameshanistaafisha. Saa ya ukuta wamenipa, blanketi wamenipa, hotuba wamenipa mpaka prinsipo akakauka koo akaletewa maji. Lakini kwa hizo hotuba hakuna mtu alisema kazi yenyewe ilikuwa nini, na nyinyi ndio mnabaki nayo. Kwa hivyo mimi nitasema, na mkiona nimeongeza chumvi, jueni ni kidogo tu, ile ya kufanya chakula ishuke.

Kwa ofisi nilikuwa mfagiaji wa uwanja wa basketi. Lakini kutoka Molo mpaka Naivasha, mahali popote kuna kikapu imepigwa misumari kwa mti, wananijua kama Mzee wa Mikebe. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu tanova. Tanova ni hivi: mpira uko kwako, hakuna mtu amekufunga kamba, halafu unaupatia adui bure. Umerusha pasi kwa hewa, umetembea bila kudunda, umekanyaga mstari, umenyang'anywa kama mandazi ya mtoto. Wengine huhesabu vikapu, hiyo ni kazi ya furaha. Mimi nilihesabu hasara. Miaka yote hiyo sijui nani alishinda mechi gani, lakini niulize nani alipoteza mpira, nitakuambia na rangi ya soksi yake.

Siku ya kwanza nilifika hapa nikauliza, uwanja uko wapi? Wakaniambia umesimama juu yake. Mnajua hii vumbi ya Nakuru, ile nyeupe, laini kama unga wa ngano. Ilikuwa imelala juu ya simiti mpaka kuku walikuwa wamechimba ndani wakataga. Nilifagia kutoka asubuhi. Saa sita nikapata mstari wa kwanza. Jioni nikapata fagio la mtu wa kabla yangu, na mpaka leo sijaambiwa mwenyewe alienda wapi.

Mwenye alinifunza kuhesabu ni Mzee Ochola, alikuwa wa stoo. Alikuwa anahesabia makocha tangu zamani, lakini miguu ilikuwa imemkatalia na hakuweza tena kusimama mechi nzima. Akaniita, akanipa mikebe ya mafuta ya kupikia, zile tupu, kila mchezaji yake, na mfuko wa mahindi kavu. Akaniambia, mtu akipoteza mpira, tupa punje moja kwa mkebe yake. Kalamu na mimi hatujawahi kuelewana, kwa hivyo hiyo niliipenda sana. Halafu mkebe ina kitu karatasi haina. Inalia. Mchezaji akipoteza mpira anasikia "ting" kutoka kwa benchi, na hiyo ting inaingia kwa roho kuliko filimbi ya refa.

Ochola alinifunza vitu viwili na bado ni vya kweli, hata na tablet. Ya kwanza, usiangalie mpira. Mpira ukiufuata na macho utakudanganya, unaenda haraka. Angalia mkono wenye umebaki mtupu. Huo ndio ulikuwa nao mwisho. Ya pili ni ya kesi ngumu. Pasi imerushwa, imeenda nje, huyu anasema "nilikurushia vizuri," yule anasema "ulirushia mama yako." Punje ni ya nani? Ochola alisema angalia mwenye amenyoosha mikono kwanza kulaumu mwenzake. Ni yake. Nimetumia hiyo sheria maisha yangu yote, hata nyumbani, na nyumbani nikaambiwa nilale kwa sebule.

Kisha akakuja Madam Nafula, kocha. Mwanamke mrefu, sauti yake ikitoka hapa flamingo wanahama ziwa. Yeye hakutosheka kujua nani. Alitaka kujua ni wapi. "Mzee, mpira unapotelea upande gani? Mimi nikijua upande, najua mahali pa kufundisha." Tukakaa chini tukapanga. Sisi watu wa hapa hatusemi kushoto na kulia, nani ana hiyo nguvu. Tunasema upande wa ziwa na upande wa Menengai, ule mlima. Kwa hivyo tukaongeza maharagwe. Mpira umepotea upande wa Menengai, mahindi. Umepotea upande wa ziwa, maharagwe. Jioni Madam anamwaga mkebe kwa meza, anaangalia rangi, anajua.

Na mahindi na maharagwe ukiweka pamoja unajua ni nini. Mwisho wa msimu mpishi wetu, Mama Shiru, alimwaga mikebe yote kwa sufuria moja akapika githeri, na timu nzima ikala makosa yake. Ikawa desturi. Msimu tumecheza vizuri tulilala njaa. Msimu mbaya tuliita majirani.

Haya. Sasa niwaambie ya Kiprono, na hii sitaongeza chumvi.

Kiprono alikuwa kapteni. Kijana wa Gilgil, mama yake anauza karoti na minji kando ya barabara kubwa. Yeye ndiye alikuwa analeta mpira kutoka nyuma, na mkebe yake ilikuwa kavu kama kisima cha kiangazi. Nilikuwa naiosha ndio isishike kutu. Na mjue, chuo kilikuwa kinamweka hostel na chakula juu ya hiyo basketi. Akiwa kwa timu anasoma. Akitoka kwa timu anarudi kupanga karoti. Hiyo kila mtu alijua, na yeye alijua kuliko sisi.

Huo msimu kikapu ya upande wa geti ilikuwa imeangushwa na upepo. Fundi alisema anakuja kesho, na fundi wa Nakuru akisema kesho, wewe zaa mtoto, somesha. Kwa hivyo mazoezi yote yakawa ni kwa kikapu moja, ile ya karibu na jikoni. Kila mtu anakimbia upande mmoja.

Na mkebe ya Kiprono ikaanza kulia. Ting. Nikadhani ni bahati mbaya. Ting. Kesho yake tena. Madam akamwaga kwa meza, na kila kitu ilikuwa maharagwe. Hata punje moja ya mahindi hakuna. Mpira wote ulikuwa unapotea upande wa ziwa. Mwenzake anamrushia pasi kutoka huko, nzuri, ya kifua, na mpira unampita kama hajaitwa.

"Kiprono, unalala wapi usiku?" Madam akamuuliza.

"Kwa kitanda, Madam."

"Unakunywa?"

"Maji na chai."

Baraka, huyo ndiye alikuwa rafiki yake na ndiye alikuwa na mdomo mrefu kwa timu, akasema, "Madam, si pombe. Huyu ako na msichana upande wa ziwa, anaogopa kuangalia huko." Tukacheka. Kiprono alicheka pia, lakini niliona ameshika kichwa hapa kwa paji, na hiyo niliiona mara nyingi baadaye. Siku moja akakuja kwa stoo akanikalia karibu.

"Mzee, hii mkebe yangu, si unaweza kurushia Baraka hata mbili tatu? Yeye hatasikia uchungu."

"Kiprono, mimi nikianza hiyo, hii ni githeri tu, si hesabu."

"Najua, Mzee. Nilikuwa najaribu."

Akaenda. Alipotoka aligonga bega kwa mlango, lile la kushoto. Nikamwambia mlango haujahama, uko pale pale. Akacheka tena.

Sasa timu ikaanza kuongea. Hiyo kona ya ziwa iko na kitu. Mmoja akasema hapo kulizikwa mbwa ya mzungu. Mwingine akasema wale wa chuo fulani walikuja usiku wakamwaga kitu. Wavulana wakaanza kuogopa kona, na mimi pia, nisidanganye, nikaanza kufagia kuanzia Menengai na nikifika huko nafagia nikiwa mbali, na mkono mrefu. Mwishowe Baraka akaleta pasta wa kanisa yao, mtu mzuri, mpole, mwenye koti ya kijivu. Akaomba kwa hiyo kona mpaka miti ya Milimani ikainama. Halafu akaipaka mafuta. Sasa chupa ya upako ilikuwa ndogo na kona ni kubwa, kwa hivyo Mama Shiru akatoa mafuta ya jikoni, mtungi ya lita nyingi, na pasta akaibariki na akamwaga yote. Huyo mtu hakuwa mchoyo.

Mafuta juu ya simiti, na vumbi ya Nakuru juu ya mafuta. Si mnaona. Kesho yake mazoezi, Baraka ndiye wa kwanza kuingia kona. Aliteleza kutoka kona mpaka jikoni, akaingia mlango, akaagiza chai. Wa pili akaanguka na tumbo. Mikebe yote ikaanza kulia kama mvua kwa mabati. Ting ting ting, maharagwe, maharagwe, kila mtu anapoteza mpira upande wa ziwa. Madam alimwaga mikebe jioni, akaangalia, akasema, "Haya, basi ni uwanja. Si Kiprono." Na Kiprono akapumua. Nilimwona akipumua.

Hapo ndipo hesabu iliharibika, watu wangu. Kabla ya mafuta, mkebe moja ndiyo ilikuwa inasema kitu. Baada ya mafuta, zote zilikuwa zinasema kitu kimoja, na ya Kiprono ikapotea ndani ya kelele ya wenzake. Tulisugua hiyo kona na mchanga, na majivu, na sabuni ya unga, na mafuta ikakataa kutoka wiki baada ya wiki. Na hizo wiki ndizo alizihitaji.

Mechi ya kwanza ya ugenini ilikuwa Kamere, kule Naivasha kwa ziwa. Uwanja wao uko hivi: upande mmoja ni ziwa, upande wa pili ni zile nyumba za plastiki za maua. Kiboko alikuwa amesimama kwa maji akitazama, na mimi naapa alikuwa anaelewa sheria kuliko refa. Nikapanga mikebe yangu. Maharagwe kwa ziwa kama kawaida, mahindi kwa maua. Nikajiambia, leo tuko mbali na ile kona, leo mtoto atatulia.

Kipindi cha kwanza mkebe ya Kiprono ikalia mpaka watu wa Kamere wakaanza kugeuka kuangalia. Lakini nilikuwa natupa mahindi. Mahindi tupu. Upande wa maua. Mapumziko nikamwambia Madam, "Ziwa imemwacha. Sasa ni maua." Baraka akasema, "Pasta aliifukuza, ikapanda basi na sisi."

Kipindi cha pili timu zikabadilisha vikapu, kama kawaida. Na sasa nikajikuta natupa maharagwe. Maharagwe tupu. Imerudi kwa ziwa. Mwisho wa mechi nikamwaga mkebe kwa benchi, nusu nyeupe, nusu nyekundu, na sijawahi kuona mkebe yake na rangi mbili namna hiyo. Baraka akaangalia akasema, "Hii laana inajua mapumziko ni saa ngapi."

Sisi wote tukacheka. Madam hakucheka. Aliinuka, akasimama katikati ya uwanja akiangalia kikapu ya huku, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu wa msalaba. Akageuka akaangalia kikapu ya kule, mikono bado imenyooka. Halafu akarudi polepole.

"Mzee, walipobadilisha, maua ilihama?"

"Hapana. Maua iko pale."

"Na mkono wa kushoto wa Kiprono?"

Nikafikiria. "Si ulienda na yeye."

Na kule kwetu, ukikimbilia kikapu ya jikoni, kushoto ni ziwa. Kiprono alikuwa amekaa akifungua viatu. Madam akamwendea, akachuchumaa mbele yake, akamshika kidevu kama mama.

"Angalia pua yangu. Usisongeshe macho. Niko na vidole ngapi?"

Alikuwa ameinua mkono huku, upande wa kushoto wa kijana, vidole vitatu, karibu na sikio lake. Sisi wote tunaviona. Kiprono aliangalia ile pua akiwa ametulia, kama mtu anangoja swali.

"Vidole gani, Madam?"

Hatukuimba kwa basi. Kutoka Kamere mpaka tunapita Gilgil, tukaona taa za wauza karoti, yeye hakugeuza kichwa, kwa sababu zilikuwa upande wake wa kushoto. Mama Shiru alipoambiwa aliketi chini kwa mlango ya jikoni. Akasema huyo mtoto alikuwa anarudisha sahani na ugali imekwisha na sukuma haijaguswa, nusu sahani safi, nusu imejaa, na yeye alikuwa anaweka sukuma upande wa kushoto siku zote. Alidhani amekuwa na maringo. Alikuwa amemnunia wiki nzima.

Hospitali kubwa wakampiga picha za kichwa. Uvimbe kwa ubongo, upande wa kulia, ndio ulikuwa umemfungia upande wa kushoto kwa macho yote mawili. Daktari alikuwa kijana mpole. Akauliza hii kitu ilianza lini. Na mnajua tulimjibu nini? Baraka alisema, "Kabla ya mafuta." Daktari akaandika, akafuta, akauliza, mafuta gani? Daktari akasema tu kwamba ingekuwa mapema wangekuwa na mahali pa kushika.

Walimpasua. Nilienda kumwona. Nikakaa kwa kiti nikaongea, nikamwambia kikapu ya geti imerudishwa, fundi amekuja kumbe bado yuko hai, nikaongea mpaka nikachoka, na yeye anaangalia dirisha tu. Ndio nikakumbuka niko upande gani. Nikabeba kiti nikazunguka kitanda.

"Kumbe ni wewe, Mzee," akasema. "Nilikuwa nasikia mtu anadanganya nikasema hiyo sauti naijua." "Mkebe yangu imefika wapi?"

"Imejaa. Nimekuongezea ya pili."

"Msimu huu mtashiba."

"Tutashiba mpaka tuite majirani."

"Mpelekee mathe kidogo. Mwambie ni jasho yangu ya chuo."

Pasta naye alikuja uwanjani hiyo wiki. Alivua ile koti ya kijivu, akapiga magoti kwa kona na brashi ya waya, akasugua peke yake. Mimi nilimletea maji. Ile kona ikatoka safi kuliko uwanja wote, na hata leo ukiangalia vizuri inang'aa kidogo.

Kiprono hakurudi uwanjani.

Tulimzika Gilgil, kwao, siku ya mvua. Mvua ilinyesha, na hapa pia siongezi, mpaka njia ya kwenda kaburini ikawa uji. Mama yake hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Watu wanamshika mkono, anashikwa, wanaomba, anaombewa, hajibu. Mama Shiru alikuwa amekuja na sufuria, na ile mikebe yote, na akapika pale nyuma ya nyumba kama mwisho wa msimu. Nilimpelekea mama sahani kwa mikono yangu. Nikamwambia, "Mama Kiprono, hii ni jasho yake ya chuo, alisema nikuletee kidogo. Kila punje ni mpira mmoja ulimpotea." Akapokea. Sehemu kubwa ilikuwa maharagwe. Akala yote, polepole, mpaka akafuta sahani na kidole. Sasa nilikuwa nimebaki na punje chache kwa mfuko wa koti, kwa sababu mimi huwa nazo, hata kanisani, hata leo hii mkinipekua mtazipata.

Sanduku ilibebwa na timu. Wavulana warefu hivyo, matope hayo, na machozi, hakuna mwenye alikuwa anaona mahali anakanyaga. Baraka alikuwa mbele, upande wa kushoto. Karibu na kaburi mguu wake ukaenda. Bega likashuka, sanduku ikateleza kutoka kwake kama ile mipira, na wale wengine wakaidaka na magoti na vifua, chini kabisa, kidogo tu iguse matope. Wakasimama hivyo, wameinama.

Na mimi, mkono huu, miaka yote hiyo ya kazi, haukuniuliza. Uliingia mfukoni wenyewe ukatoka na haragwe moja, nikajikuta nimeliinua hapa juu, nikitafuta mkebe.

Mama yake alikuwa amesimama mbele yangu. Aliangalia sanduku. Akaangalia mkono wangu. Akasema, "Mzee, hiyo usihesabu."